Mama anawapiga wanaomkogesha. Nikubali apewe dawa?

BARUA

Assalaam aleikum Shangazi,

Naandika saa saba za usiku, nimetoka zamu na usingizi hauji. Alhamisi ya wiki ijayo nina kikao na daktari pamoja na meneja wa nyumba ya wazee anakokaa mama yangu. Wanataka jibu, na mimi jibu sina.

Nimezaliwa Unguja, nina miaka 51, na nipo Uingereza tangu 1998. Baba alifariki 2008, mwaka wa pili yake nikamleta mama huku. Alikuja mzima, na mkoba wake wa kazi. Mama ni mshona kofia, Shangazi. Sisi watoto watatu tumesomeshwa kwa kofia. Moja ikimchukua miezi mitatu, minne, na akiwa anashona hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka amalize safu yake.

Usahaulifu ulianza kidogo kidogo. Kwanza ufunguo, kisha majina ya wajukuu, kisha akawa anasali adhuhuri mara tatu. Mwaka 2019 hospitali wakasema ni demenshia, ile ya Alzheimer. Nilimuuguza nyumbani kwangu miaka minne. Halafu usiku mmoja wa Disemba akatoka na kanga na ndara, polisi wakamkuta kituo cha basi akisubiri gari ya Bububu, kwetu Unguja. Vidole vya miguu vilikuwa vimeshabadilika rangi. Watu wa ustawi wa jamii wakaniambia nyumbani hapamfai tena. Na mimi, namuogopa Mungu kusema uongo, nilishusha pumzi. Nilichoka.

Sasa ana mwaka na nusu pale. Si pahala pabaya. Pasafi, pana bustani, wafanyakazi si wakali. Lakini siku za kukoga, Jumatatu na Ijumaa, mama anapiga, anauma, anapiga ukelele "Mwizi! Mwizi!" Wiki mbili zilizopita alimkwaruza kijana mmoja uso mpaka damu. Siku moja nilikuwepo. Walikuwa wawili, mmoja kamshika mikono, mwengine anamvua, wanamsemesha kwa upole kabisa kwa Kiingereza, "Come on, Fatma", na mama kashika upindo wa kanga kwa meno. Kwa meno, Shangazi. Kiingereza kilimtoka zamani, siku hizi ni Kiswahili tu. (Jina la Fatma si lake, nimelibadilisha.)

Ikifika saa kumi alasiri anavaa buibui juu ya nguo za kulalia, anakwenda kusimama mlangoni. "Nakwenda kuwachukua watoto skuli." Mlango unafunguliwa kwa namba za siri. Ataugonga mpaka achoke, wakimrudisha kwenye kiti analia.

Kisha baba. "Baba yenu yuko wapi?" Mwanzo nikimwambia kweli, mama, baba amefariki. Akawa analia kama ndiyo kwanza msiba unaingia ndani, na kesho yake anauliza tena. Nesi akanishauri nimwambie yupo kazini. Nimeshamwambia mara nyingi, na kila nikisema najiona nimemdanganya mzazi wangu.

Meneja ameniandikia orodha ya fujo zake: kupiga, kutaka kutoka, kupekua makabati ya wenziwe, kutoboatoboa kitambaa cha meza kwa uma kila baada ya chakula. Hilo la mwisho wamelimaliza kwa kumuondolea uma, sasa anakula kwa kijiko. Wenyewe wanakiri kuwa Jumatano huwa ametulia, siku ya zamu ya dada mmoja Mkenya. Lakini huyo ni wa wakala, wiki nyengine haji, na isitoshe Jumatano si siku ya kukoga.

Daktari anataka kumuanzishia risperidone, kidogo, ya kumtuliza. Meneja kasema mambo yakiendelea hivi huenda tukatakiwa kumtafutia pahala pengine. Nimepewa karatasi nitie saini.

Kaka yangu yupo Muscat. Yeye anasema wasikilize madaktari, mama apumzike na wewe upumzike. Dada yangu aliye Unguja hataki kusikia. "Umemtia mama Welezo ya kizungu," ndivyo alivyoniambia. (Welezo ni nyumba ya wazee ya kwetu Unguja.) Anataka nimrudishe nyumbani, eti atapona akiiona bahari.

Nisaini? Nikatae, halafu wamtoe? Nimrudishe? Na niambie kweli, nimemtupa mama?

Binti wa Mshona Kofia

JIBU

Waalaikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Nikwambie nilivyokuelewa, nawe unisahihishe. Unaulizwa kuhusu dawa, na unaiona milango mitatu tu: kutia saini, kukataa, au kupanda ndege na mama. Nyuma yake kuna lile uliloliuliza mwisho kwa mstari mmoja. Hilo nitalifikia. Kwanza nirudi kwenye jambo uliloliandika kwa kupita, lile la uma.

Soma tena mwanzo wa barua yako, kisha soma pale pa uma. Mshona kofia anakaa na kitambaa cheupe, anatoboa tundu, anaizungushia uzi, anahamia tundu ya pili. Mama yako kawalea watoto watatu kwa kazi hiyo. Majina ya wajukuu yamemtoka, lakini mikono ina kumbukumbu yake, na katika ugonjwa huu ya mikono mara nyingi ndiyo inayochelewa kuondoka. Leo chakula kimekwisha, hana la kufanya, mbele yake kuna kitambaa kilichonyooshwa na kitu chenye ncha. Pengine nabahatisha. Mimi simjui, wewe unamjua. Lakini kama nimepatia, basi alikuwa kazini na wakamnyang'anya sindano.

Sisemi hivi kumlaumu meneja. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazee, na sisi pia tulikuwa na neno letu la "fujo". Tukiliandika kwenye faili haraka haraka, zamu ikiwa inakwisha. Neno lenyewe halikuwa uongo. Ubaya wake ni kwamba ukishaliandika huulizi tena.

Hukohuko uliko, kwenye Chuo Kikuu cha Bradford, alikuwepo msomi mmoja akiitwa Tom Kitwood, aliyefariki 1998. Alikuwa akisema kuwa si kila tunachokiona kwa mgonjwa wa demenshia kinatoka kwenye ubongo wake. Kingine kinatokana na anavyotendewa: anaharakishwa, anazungumzwa mbele yake kana kwamba hayupo, anahadaiwa, anafanywa mtoto. Na akasisitiza kwamba wanaofanya hayo kwa kawaida si watu wabaya. Ndiyo maana nilitulia ulipoandika kuwa wafanyakazi wa pale si wakali. Watu wapole wanaweza kukaa mezani wakafikiri pamoja nawe.

Sasa nikuulize. Ni maradhi gani yanayopumzika Jumatano?

Umelitaja kama jambo la pembeni, lakini kwangu hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua. Ubongo wa Jumatano ni uleule wa Jumanne. Kilichobadilika ni kuwa yupo mtu anayemwitikia kwa lugha aliyobaki nayo. Wenye demenshia waliojifunza lugha ya pili ukubwani mara nyingi hupoteza hiyo ya pili kwanza, na mama yako anaishi katika nyumba ambamo siku sita kwa wiki anasemeshwa sauti zisizo na maana. Mimi ningemtafuta dada huyo kabla ya kikao. Nisingemtwisha kazi ya ukalimani ya nyumba nzima, maana wahudumu kama yeye hulemewa hivyohivyo kwa kuwa wanajua lugha. Ningemuuliza tu: unamwitaje? Unafanya nini saa kumi ikifika? Huenda mwenyewe anaona hafanyi lolote.

Na hilo la kuitwa lina uzito wake. Mwanamke wa miaka yake, kwetu, nani wa kumwita Fatma mkavu? Ni Bi Fatma, au mama fulani. Kijana wa umri wa mjukuu wake anapomshika nguo na kumtaja jina tupu, mama hajui kuwa huo ni ukarimu wa kwao. Neno "Bi" Mwingereza analiweza, halina hata herufi ya kumkwamisha.

Tuje kwenye kukoga, maana ndiko damu ilikotoka. Umeniandikia anashika upindo wa kanga kwa meno. Jiweke pale. Huwajui watu hawa, huelewi wanachosema, mikono yako imeshikwa, na wanakuvua. Utapiga ukelele gani? Yeye kapata "Mwizi", na kwa anachokiona yeye, hajakosea sana. Pana wizi wa stara.

Marekani waliwahi kulijaribu jambo hili kwa utaratibu, wakachapisha matokeo 2004. Walichukua nyumba 15 za wazee katika majimbo ya Oregon na North Carolina, wakawafuata wakaazi 73 waliokuwa wakipigana wakati wa kuogeshwa. Njia moja ilikuwa bafu lilelile, lakini kwa kumfuata mtu mwenyewe: polepole, maji anayoyapenda, sehemu isiyooshwa inabaki imefunikwa. Njia ya pili ilikuwa kumwogesha kitandani akiwa amefunikwa mataulo yaliyoloweshwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyohitaji kusuuzwa, mhudumu anasugua juu ya taulo. Kwa njia zote mbili fujo zilipungua kwa zaidi ya nusu. Bila kidonge.

Niliposoma habari zile nilicheka peke yangu, kwa sababu bibi zetu wamekuwa wakikoga na kanga mwilini tangu zamani. Mwambie meneja kanga ya pili ibaki mwilini, iloe, si neno. Uliza kama anaweza kukogeshwa na wanawake tu. Hilo ni ombi la kawaida, ingawa nyumba yenye wafanyakazi wachache itakwambia ukweli kuwa si kila siku wataweza. Je, bafu lao ni la mvua ya juu? Mtu aliyekoga maisha yake yote kwa ndoo na kopo, maji yanayomshukia kichwani bila kuonekana yanatisha. Kopo halina gharama. Na kwani lazima iwe Jumatatu na Ijumaa? Siku hizo ni za ratiba yao. Mama alikuwa akikoga saa ngapi? Kama ni kabla ya adhuhuri, au kabla ya Ijumaa, basi mwili wake unaijua saa hiyo.

Kabla sijasahau, maumivu. Mwili wa kizee, miguu iliyowahi kupigwa na baridi ya Disemba, na mdomo usioweza kumwambia nesi "goti linaniuma". Norwei, mwaka 2011, walichapisha utafiti wa wagonjwa 352 wa demenshia wenye fujo katika nyumba 18 za wazee. Nusu wakapewa tiba ya maumivu kwa hatua, wengi wao parasetamoli tu, na baada ya wiki nane fujo zilikuwa zimepungua kwa asilimia 17 kulinganisha na wenzao. Kwa hiyo kabla ya risperidone uliza maswali ya kizee: meno yametazamwa? Choo amekwenda lini? Kuna UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo? Anasikia vizuri? Anapiga kila wakati, au pale tu anapoinuliwa mkono fulani? Mwongozo wa afya wa Uingereza wa 2018 unawataka watazame sababu kama hizi, pamoja na mazingira na huduma yenyewe, kabla ya kuandika dawa ya aina hii. Huombi fadhila.

Saa kumi nayo nina dhana yangu. Unguja jua halikurupuki, linazama baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Huko kwenu Disemba giza linaingia karibu na saa kumi, na Juni linakawia mpaka saa tatu za usiku. Wagonjwa wengi wa demenshia huchafukwa jioni hata bila hayo. Lakini msikilize anachosema: kuna watoto wanamsubiri. Anayemrudisha kwenye kiti anamwambia, kwa matendo, watoto wako wabaki barabarani. Wapo wahudumu ambao badala ya kuziba mlango hutembea na mtu. "Haya Bi Fatma, twende. Ngapi wapo skuli? Mkubwa nani?" Wanazunguka bustani, wanaingia kwa mlango mwengine, pana chai. Siku nyengine haifai kitu, nakwambia mapema. Inataka mtu mmoja aachiwe robo saa, na saa kumi ndiyo saa za kubadilishana zamu. Pengine afadhali kuiwahi saa yenyewe: saa tisa na nusu apewe kazi. Sinia la mchele achague. Vitunguu thomu amenye. Mtandikie msala. Mikono iliyoshona kofia haikuzoea kukaa bure.

Kuhusu baba sitakupa fatwa, mimi si shehe, na dhamiri yako haifai kupuuzwa. Nitakwambia tu kuwa umejaribu majibu mawili, la kifo na la kazini, yote yakakuumiza, na pengine swali lenyewe halikuwa la kutaka habari. Mwanamke anayeuliza mumewe yuko wapi, jioni, katika nyumba ya watu asiowajua, huenda anasema naogopa. Au nimemkumbuka. Unaweza kumjibu hilo bila kusema uongo hata neno moja: "Umemkumbuka baba, eh? Alikuwa akija na nini akirudi?" Ukaona atakwenda wapi. Akikuuliza moja kwa moja, amekufa?, akiwa anakukazia macho, hapo wewe ndiye utakayejua anachokitaka. Wapo wanaotaka ukweli na wanaubeba. Wapo ambao kila mara ni msiba mpya, kama ulivyouona. Ukichagua, chagua kwa kumtazama usoni, na usijihesabie dhambi juu ya dhambi.

Sasa dawa. Risperidone ni ya jamii ya dawa wanazopewa wagonjwa wa akili. Uingereza inaruhusiwa kwa mgonjwa wa Alzheimer mwenye ukali usiokoma na unaohatarisha watu, pale njia nyengine ziliposhindwa, na kwa muda usiozidi wiki sita. Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliandikia serikali ripoti kuhusu dawa za jamii hiyo. Alikadiria kuwa wenye demenshia 180,000 walikuwa wakipewa kwa mwaka, na wasiozidi 36,000 ndio waliokuwa wakipata nafuu. Upande wa pili wa mizani aliweka vifo vya ziada 1,800 kila mwaka, na madhara ya ziada ya mishipa ya ubongo, kama viharusi, 1,620, karibu nusu yake makali. Ongeza usingizi wa mchana, kuyumba na kuanguka.

Usinisome vibaya. Katika ile hesabu wapo 36,000, na watu hao ni wa kweli. Nimewaona wazee wanaoteswa na hofu usiku kucha, kila kitu kimejaribiwa, na dawa kidogo ikawarudishia usingizi. Kaka yako hajasema upuuzi. Na yule kijana aliyekwaruzwa uso ana mama yake pia, ana haki ya kurudi nyumbani mzima. Nisichokiona katika barua yako ni dalili kwamba hayo mengine yalishajaribiwa. Labda yamejaribiwa na hukuandika. Uliza. Na wakiamua kuanza, muulize daktari: una hakika ni Alzheimer na si aina nyengine, demenshia ya Lewy? Maana wa Lewy hudhurika vibaya sana na dawa hizi. Nani atakuwa akiandika kila siku anavyobadilika? Wiki ya sita nani atamtazama, na ni kitu gani kitakachotufanya tuiache? Dawa iliyoanza bila tarehe ya kuisha hukaa miaka, hakuna anayekumbuka nani aliianzisha.

Karatasi ya saini isome vizuri. Chini ya sheria ya 2005 inayohusu watu wasioweza kujiamulia, kwa walioko England na Wales, mtoto hamkubalii mzazi matibabu kwa saini yake, ila kama mama mwenyewe, alipokuwa na akili zake, alikupa mamlaka ya kisheria juu ya afya yake, au mahakama imekuteua. Kama hukupewa, mwamuzi ni daktari, kwa maslahi ya mama, na anatakiwa akushauri kwanza. Kwa hiyo huenda unajibebesha uamuzi ambao hawakuwa na haki ya kukutwisha peke yako. Pia huenda ukawa na sauti kubwa kuliko ulivyodhani. Waulize: karatasi hii ni ya nini hasa?

Nyumba nayo usiifanye adui. Inasikitisha kusema, lakini mwenye hasira husikilizwa dakika kumi za mwanzo tu. Waandikie ukurasa mmoja, si zaidi, wa mama ni nani: anaitwaje, kazi yake, kukoga kwake, maneno kumi ya Kiswahili yaliyoandikwa yanavyotamkwa. Maji. Maumivu. Choo. Pole. Twende. Tayari. Shirika la Alzheimer's Society lina fomu yake ya mambo kama hayo, hailipiwi. Wakikwambia hawana wafanyakazi, waamini, kisha uwaambie habari ya utafiti uliochapishwa 2018, uliofanywa katika nyumba 69 za wazee Uingereza. Waliwafundisha wahudumu kumhudumia mtu kwa alivyo, na wakapanga mazungumzo na shughuli anazozipenda kwa dakika 60 kwa wiki. Kwa wiki, mwanangu. Fujo zilipungua na hali za wagonjwa zikawa bora. Jamaa zako mlioko mji mmoja mnaweza kugawana dakika hizo na wahudumu.

Na Unguja? Dada yako ana hoja, usimkatize. Huko kuna lugha, joto, adhana, watu wa kumwamkia. Kuna ubaya pia anaousahau kwa kuwa anaongea kwa mapenzi. Mama alikuwa akisubiri gari ya Bububu. Ni Bububu ya mwaka gani? Wengi wanaolilia kurudi nyumbani wakishafikishwa hulilia tena. Safari ya ndege kwa mtu asiyejua yuko wapi ni jambo la kumuuliza daktari. Kisha nani atakuwa naye saa nane za usiku, ni dada yako mwenyewe, au ni mtoto wa kazi wa miaka 16? Mlango wake unafunguka barabarani? Kwetu pia wapo wazee waliofungiwa chumbani na majirani wakinong'ona kuwa ni uchawi. Muombe dada yako asikujibu kwa hisia. Mwambie akuandikie siku moja ya mama, tangu alfajiri mpaka alfajiri, nani yupo naye kila saa. Akiweza kuiandika, hapo mna jambo la kuzungumza. Na bahari haimponyi mtu Alzheimer, hilo mwambie kwa upole.

Neno "Welezo" limekuchoma, na nadhani alilichagua ili likuchome. Katika fikra zetu nyumba ya wazee ni ya asiye na mtu. Mama yako ana mtu anayeandika barua saa saba za usiku kuhusu upindo wa kanga. Umesema ulishusha pumzi walipomchukua. Nami nilishusha, siku nilipompeleka wangu hospitali. Mtu aliyebeba miaka minne bila kupokezana atashusha pumzi hata kama mzigo ni wa mapenzi. Sijui kama hilo litakulaza usingizi. Kaka na dada wangekuja wakakaa wiki mbili mbili na mama, kila mmoja angekuwa na maneno mengine.

Kikao ni Alhamisi, na siku moja kabla yake ni Jumatano. Kama zamu inakuruhusu nenda ukakae pale tangu saa tisa, usifanye kitu, tazama tu yule dada anavyoongea naye. Chukua na kipande cha kitambaa cheupe kigumu, kile chenye matundu makubwa wanachofundishia watoto kudarizi, na sindano butu ya plastiki, wala usiitoe kabla hujamuonesha meneja. Uzi uwe mweupe. Mpe baada ya chakula, kisha usimsemeshe mpaka amalize safu yake. Halafu niandikie mikono ilifanya nini.